Friza Niliyoifunika Blanketi

Garissa, Alhamisi, baada ya swala ya alasiri

Aabo, Hodan wangu,

Nakuita aabo kama baba yangu alivyoniita mimi, kwa ile desturi yetu ya mzazi kumrudishia mtoto jina ambalo mtoto humwita yeye. Mtu wa bara akisikia atadhani nimechanganyikiwa, lakini wewe umelizoea tangu hujaota meno. Na nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kisomali changu ni cha mdomo. Nikikitia kwenye karatasi kinanikimbia. Kiswahili ndicho kilichonilisha, miaka ishirini na tisa mbele ya ubao, na ndicho ninachoweza kuketi nacho mezani bila kubabaika.

Kesho alfajiri unapanda basi la Wajir, na kutoka Wajir uende Bute ukaanze kazi ya kufundisha Kemia. Sitakuambia uswali. Sitakuambia uchemshe maji, wala ufunge mlango kwa komeo, wala usiwazoeze walimu wenzako kuja kwako kuomba sukari. Hooyo, mama yako, ameianza kazi hiyo tangu Jumatatu na sioni dalili ya kumaliza. Mimi nina jambo moja tu, na ni la aibu, kwa hivyo nivumilie.

Jana mchana karani wa ofisi ya mizigo kule stendi alinipigia simu. "Mwalimu," akasema, "hii friji ya Hodan imeingia leo kutoka Nairobi. Namba yako ndiyo iko kwa boksi. Mnakuja saa ngapi? Imejaza ofisi." Nikamwambia tutakuja. Najua kwa nini uliweka namba yangu, simu yako haikai na chaji. Sikukwambia kwamba amepiga, na hooyo pia sikumwambia. Nimekaa na habari hiyo tangu jana.

Maana umenunua friji mtandaoni, Hodan, na abti yako Guhad, mjomba wako wa pekee, kaka wa tumbo moja wa mama yako, anauza friji mtaa wa pili kutoka hapa.

Sijakasirika. Naogopa, na naogopa kwa sababu nyumba hii ilishawahi kupita njia hiyo, na aliyeipitisha ni mimi. Wewe ulikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Ulirudi likizo ukauliza mbona abti haji tena kula Ijumaa, tukakwambia ana kazi nyingi. Hakuwa na kazi yoyote. Kwa miaka miwili mama yako hakukaa mkeka mmoja na kaka yake, na sababu ilikuwa friza. Hujawahi kusimuliwa kisa chote. Sasa ni mtu mzima, una mshahara na una friji, basi sikiliza.

Mwaka ule hooyo alitaka kuuza maziwa ya ngamia yaliyo baridi. Unakumbuka alivyokuwa akiyapokea alfajiri katika zile jerikeni za njano, na yakibaki mchana kwenye joto letu hili yanageuka. Mwenye friza alikuwa anauza hadi jioni. Nikaenda kwa abti yako. Na ningekwenda wapi? Guhad alinichagulia moja nyeupe, kubwa, akaigonga ubavuni kama mtu anayegonga tikitimaji, akasema itamfaa dada yake. Kisha akatoa kitabu cha risiti na kadi ya waranti, akachukua kalamu.

"Jina niandike lipi, seedi?" akaniuliza. Seedi, yaani shemeji, ndivyo tunavyoitana mimi na yeye.

Duka lilikuwa limejaa watu. Nikaisukuma ile kadi ikarudi upande wake wa meza, nikasema kwa sauti ya mwalimu, ya kusikika hadi nyuma ya darasa: "Kwani mimi ni mteja? Kadi ni za watu wasiojuana." Watu wakacheka, wengine wakatikisa vichwa kwa kunikubali. Guhad akacheka pia, akairudisha kadi kwenye droo. Nilitoka pale nimejaa sifa hadi kanzu inanibana.

Wiki tatu baadaye friza ikaanza kugandisha upande mmoja tu. Upande wa pili maziwa yalikuwa vuguvugu. Kisha ikawa inanyamaza saa nzima, halafu inashtuka na kutetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa.

Hapa ndipo nataka unielewe, si unihurumie. Mimi ni mtoto wa wafugaji wa Hadado. Nililelewa kwenye biashara ya ngamia kabla sijajua biashara ya kitu chenye waya. Kwa baba yangu, kasoro ya mnyama husemwa mnyama akiwa bado zizini: huyu anapiga teke, huyu ziwa moja limekufa. Akishatoka zizini umemchukua. Na kama umempata kwa wakwe zako, basi hata akilala njiani asiamke, unafika nyumbani na kusema alhamdulillahi, ngamia mzuri. Baba alikuwa akisema ngamia wa shemeji harudishwi, na mtu aliyemrudisha alisemwa hadi kwa wajukuu wake. Nikaichukua sheria hiyo ya zizi nikaivalisha friza iliyotengenezwa kiwandani ng'ambo, na watu ambao hawajawahi kumwona ngamia. Niliona nafanya uungwana.

Nikamwita fundi kwa siri, Mkamba mmoja aitwaye Mutua, kijana mpole. Akaifungua nyuma, akanusa, akauliza: "Mwalimu, hii kitu iko na waranti?"

Nikasema haina.

"Basi rudisha tu kwa mwenye duka."

Nikamwambia mwenye duka ni shemeji yangu. Mutua akanitazama akitabasamu. "Sasa si hiyo ndiyo rahisi zaidi?"

Nikamwambia aitengeneze tu. Akaigusagusa, ikafanya kazi siku nne, ikafa kabisa usiku wa kuamkia Jumamosi. Asubuhi hooyo alimwaga maziwa nyuma ya nyumba, jerikeni baada ya jerikeni. Sisi ni watu wa maziwa, Hodan, mtoto wetu akimwaga kikombe kimoja anaombewa msamaha. Alipomaliza alikuja kusimama mbele yangu, mikono bado inanuka maziwa, akasema anakwenda kumwambia Guhad. Nikamkataza. Nilimwambia mtu hamletei shemeji yake lawama kwa sababu ya chombo. Akasema Guhad si shemeji yake, ni kaka yake. Nikamkataza tena, na safari hii nilimkataza kama mume, si kama mtu mwenye hoja. Katika mambo yote niliyoyafanya katika ndoa hii, hilo ndilo ninalolijutia zaidi. Nilimziba mdomo mwanamke kwa ndugu yake ili mimi nisionekane mdogo.

Halafu nikaagiza friza nyingine kwenye simu. Lo, ile raha! Unabonyeza picha, picha haikuulizi habari za watoto. Haijui wewe ni nani, haikupi chai, na hakuna anayekutazama ukichagua ya bei ndogo. Niliupenda mtandao kwa sababu hauna uso, na mtu mwenye aibu hutafuta mahali pasipo na uso. Ilipofika stendi nikakodi mkokoteni wa punda, nikaja nao saa saba mchana, maduka yamefungwa na wenye akili wamelala. Na ili isijulikane ni nini, nikaifunika blanketi kuanzia juu hadi chini.

Sasa fikiria. Mkokoteni unakwenda polepole, juu yake kuna kitu kirefu kimelazwa na kufunikwa blanketi, na mbele anatembea mwalimu mstaafu, uso umekunjamana kwa jua. Kufikia kona ya msikiti nilikuwa na watu sita nyuma yangu. Bibi mmoja akasema inna lillahi, akauliza ni nani. Nikasema hapana, ni mzigo. Akasema, "Subhanallah, usimwite hivyo." Walinisindikiza hadi mlangoni, na wawili walikuwa wameshatoa viatu walipoona ni friza. Hooyo alicheka hadi akakaa chini, na ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho alicheka kuhusu friza ile.

Baada ya siku mbili watoto wa jirani waliomba katoni. Tukawapa. Wakaijengea nje ya uzio, wakaikatia dirisha, wakaingia humo na kupika vyakula vya mchanga, na ubavuni jina la duka la mtandaoni limeandikwa kwa herufi za kusomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Abti yako alipita kwenda kuswali alasiri. Nilimwona kupitia dirishani. Alisimama, akaisoma ile katoni, akamshika mtoto mmoja kichwani kwa upole, akaenda zake.

Ijumaa hakuja kula. Ijumaa ya pili hakuja. Hakusema neno baya popote, ningelisikia, mji huu hauna siri. Kwenye harusi alinipa mkono na kuniuliza habari za afya. Lakini akaanza kununua maziwa yake kwa mwanamke mwingine sokoni, yeye ambaye kila asubuhi alikuwa wa kwanza kunywa ya dada yake, amesimama jikoni kwetu. Hilo ndilo lililomkata hooyo. Alikuwa akijaza kikombe chake kwa mazoea, halafu anakumbuka.

Miaka miwili, aabo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo niliwaandikisha watoto wa darasa la saba kila mwaka, na asiyeielewa nilimrudishia daftari lake na alama nyekundu.

Aliyeikata kamba ni mama yako. Asubuhi moja, siku ya mnada wa mifugo, mji umejaa, aliita mkokoteni na akapakia ile friza iliyokufa, ambayo tulikuwa tunawekea mchele. Hakuniaga. Nilipata habari nikamkimbilia, nikamkuta ameshafika dukani, amesimama mbele ya wateja, anamwambia kaka yake: "Kitu chako kilikufa baada ya wiki tatu. Tulinyamaza. Mimi nimechoka kunyamaza."

Guhad alitoka nyuma ya meza. Aliigeuza friza, akasoma namba iliyo mgongoni. Kisha akageuka, na hakumtazama yeye, alinitazama mimi.

"Mzigo huu wote ulikuwa na kasoro," akasema. "Wageni wanne walinirudishia zao, na kadi mkononi, nikawapa mpya siku ileile. Yako nilijua ni nzima, seedi, kwa sababu hukusema kitu. Kisha nikaona katoni, nikasema basi, hawanitaki."

Wageni wanne! Watu ambao jina lao la pili hakulijua walipata haki yao kabla jua halijatua, na dada yake alimwaga maziwa. Kisa cha yote ni mimi na sauti yangu ya darasani. Hooyo na Guhad walikumbatiana pale pale. Mimi nilijishughulisha na kumlipa mwenye punda. Na tazama jambo ninalotaka kukukiri: mwenye neno siku ile alikuwa mama yako. Mimi sikulisema. Ijumaa ilipofika Guhad alikuja akala, nikamwekea nyama iliyo nzuri upande wake wa sinia, nikajiambia ameelewa. Imepita miaka mitano sasa, na bado sijamwambia kwa mdomo wangu kwamba nilikosa.

Kwa hivyo usitegemee nikwambie duka au mtandao kipi bora. Ile friza ya mtandaoni ipo jikoni hadi leo, inanguruma, haijawahi kuumwa. Na abti yako anajua friji ipi inahimili joto letu na umeme unaorukaruka, mambo ambayo picha kwenye simu haiyajui. Duka la jamaa lina uzito wake pia: ukiingia kuuliza tu unakunywa chai, na baada ya chai utatokaje mikono mitupu? Nakuelewa ukilikwepa. Ninachokuomba ni kidogo. Kwa mtu wako wa karibu ndipo uchukue risiti, na useme kasoro siku ya kwanza, kabla haijawa na marafiki. Usifanye heshima ile yangu. Ilikuwa woga umevaa kanzu.

Na la leo: kabla ya isha, pita dukani kwa abti. Mwambie mwenyewe umenunua mahali pengine na kwa nini. Ataumia kidogo, ni haki yake. Lakini asije akaisoma tena kwenye katoni, nakuomba, kwa ajili ya mama yako. Sitaki

*

Nimerudi. Magharibi imepita. Nilikuwa naandika "sitaki" nikasikia pikapu langoni, nikatoka, nikamkuta abti yako anashusha friji yako. Yeye mwenyewe. Ameitoa ofisi ya mizigo.

Nilisimama kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Nikaanza kusema, seedi, huyu mtoto hakukusudia, unajua watoto wa siku hizi. Guhad akanitazama kwa mshangao. Akasema ulikwenda dukani kwake wiki tatu zilizopita. Ulimwambia Bute unataka friji ndogo ya kutumia sola, ukamuuliza kama anayo, akasema hana, ukamwambia basi utaagiza mtandaoni, ukamwomba akusaidie kuchagua. Mkaketi pamoja na simu hadi adhuhuri. Ile uliyoipenda aliikataa, akakuchagulia hii. Na amekuletea nyaya nene, kwa sababu anasema zile za kwenye boksi ni uzi wa kushonea. Ikifanya kazi vizuri ataleta za kuuza yeye mwenyewe.

Nikauliza mbona mimi sikuambiwa. Akageuza uso kando, nikajua anazuia kicheko. "Dada yangu Habiba alisema usiambiwe. Alisema utaanza kuandika barua."

Tukaishika friji, yeye upande huu, mimi upande ule. Tulipofika katikati ya ua miguu yangu ikasimama yenyewe. Sijui ni uzee au ni hizi kurasa zilizokuwa mezani. Nikasema, "Guhad, ile friza. Nilikosa. Nilipaswa kuja kwako siku ile ile, na nilimkataza dada yako asije. Nisamehe."

Tulikuwa tumeishika friji hewani, wazee wawili. Kisha akasema, "Na mimi nilisimama nje ya nyumba yako nikasoma katoni. Mlango ulikuwa hapo. Ningebisha." Akaniambia tuiweke chini kwanza. Tukaiweka. Akafuta macho kwa ncha ya kilemba chake, nami nikafuta yangu, na hooyo alitoka jikoni akatukuta hivyo, akadhani tumeiangusha.

Sasa wamo ndani, nawasikia wanabishana kuhusu nani atakusindikiza stendi, na wewe bado hujarudi kutoka kwa rafiki zako. Nilitaka kuichana barua hii, maana imekwisha kazi. Nimekaa kukufundisha jambo ambalo ulishalifanya wiki tatu nyuma, kwa asubuhi moja, bila kutokwa na jasho. Nimejiuliza ulijifunza wapi. Si kwangu. Mama yako anadai ni kwake, na sina nguvu ya kumpinga.

Nimeiacha ili ujue baba yako alikuwa mtu wa namna gani kabla ya jioni hii. Na kwa kuwa nimeanza kusema mambo siku yake, niseme na hili kabla hujaingia mlangoni na mimi nikarudia kukuuliza kama umefunga begi. Sitaki uende, aabo. Nyumba hii inanitisha nikiiwaza bila wewe. Na nimefurahi kwamba unakwenda, nimefurahi kuliko nilivyowahi kukuonyesha.

Aabo wako,
Dahir